Sanamu za Mwendo Juu ya Njia ya Wanamitindo

Sanamu ya mwendo inayoning'inia ni kazi ya sanaa isiyo na umbo moja. Vipande vyake, viwe vya bati, waya, kitambaa au manyoya, hufungwa kwenye fito na nyaya kwa namna inayoviacha vizunguke, vipande, vishuke au viyumbe, na kila mkao mpya ni sura nyingine ya kazi ileile. Ikitundikwa juu ya njia ya wanamitindo, sanamu hiyo hupewa masharti ambayo haingekutana nayo makumbushoni. Onyesho la mavazi huchukua dakika 10 hadi 15 tu, na ndani ya muda huo lazima ieleweke kwa watu walioketi pande zote. Haitakiwi kuzinyang'anya macho nguo zinazopita chini yake. Haina ruhusa ya kudondosha hata skrubu moja. Na mara nyingi usiku uleule hushushwa, ikafungwa kwenye masanduku na kuondolewa, kwa kuwa ukumbi umekodishwa kwa siku chache.

Karibu kila uamuzi katika kazi hii, tangu rangi hadi mota, hatimaye hurudi kwenye uzito: kipande kina uzito gani, uzito huo umekaa wapi, na nani anaubeba. Msanii anayeujua uzito hupata mwendo bila kuulazimisha. Asiyeujua hununua mota kubwa.

Mtu aliyeifanya sanaa hii ijulikane duniani ni Mmarekani Alexander Calder, aliyezaliwa mwaka 1898. Kabla ya kuwa msanii alisomea uhandisi wa mitambo katika Stevens Institute of Technology, jimbo la New Jersey, akahitimu mwaka 1919, na elimu hiyo inaonekana katika kila kiungo alichokitengeneza. Hakuwa wa kwanza kuitia sanamu mwendo. Msanii Mrusi Naum Gabo alikuwa amekwisha kutengeneza, mnamo 1920, ufito wa chuma uliotikiswa na mota kwa kasi hadi ukaonekana kama wimbi lililosimama hewani. Lakini Calder ndiye aliyeutundika mwendo darini na kuuacha huru. Mwezi Oktoba 1930 alitembelea karakana ya mchoraji Piet Mondrian mjini Paris, akaona vipande vya mstatili vya rangi vilivyobandikwa ukutani, na wazo likamjia kwamba vingefaa vitembee. Mwaka uliofuata alikuwa na kazi za kwanza zenye mwendo, ambazo msanii Marcel Duchamp alizipa jina la "mobile".

Baadhi ya kazi hizo za mwanzo ziliendeshwa kwa mota, nyingine kwa mpini wa kuzungusha kwa mkono. Calder hakukaa nazo sana. Mota hurudia jambo lilelile, na jicho likishajua kinachofuata huacha kutazama. Akageukia hewa ya chumbani, ambayo hairudii. Kazi yake ya mwaka 1939, "Lobster Trap and Fish Tail", iliyoagizwa kwa ajili ya ngazi za Museum of Modern Art mjini New York, ina fito nyembamba za chuma na vipande vya alumini vilivyopakwa rangi; upepo mdogo wa watu wanaopanda ngazi hutosha kuisogeza.

Somo la uzito linaonekana zaidi katika kazi yake kubwa ya mwisho, ile inayoning'inia katika jengo la mashariki la National Gallery of Art, Washington. Upana wake ni takribani mita 23. Ingetengenezwa kwa chuma kama ilivyokusudiwa mwanzoni, hewa ya ndani ya jengo isingeweza kuitikisa. Msanii na mhandisi Paul Matisse aliisanifu upya kwa mabomba matupu ya alumini na mabapa ambayo ndani yake yana vyumba vidogo kama sega, na uzito wote ukawa kilo 420 hivi. Ilitundikwa mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo cha Calder, na hadi leo inazunguka bila mota.

Hesabu inayotawala sanamu hizi ni ile ya mzega. Mchukuzi wa maji aliyebeba ndoo mbili, moja nzito kuliko nyingine, husogeza bega karibu na ndoo nzito, na ufito hutulia. Kwenye sanamu, uzi unaoshikilia ufito ndio bega. Tuseme ufito una urefu wa sentimita 60, ncha moja ina kipande cha gramu 100 na nyingine cha gramu 200. Uzito wa ufito wenyewe ukiwekwa kando, uzi utafungwa sentimita 40 kutoka kwenye kipande chepesi na sentimita 20 kutoka kwenye kizito, kwa maana 100 mara 40 na 200 mara 20 ni kitu kimoja. Sasa mzigo huo wote wa gramu 300 unakuwa kipande kimoja cha ufito wa juu yake. Ufito huo wa pili ukiwa na sentimita 90 na ncha yake ya pili ikibeba gramu 150, uzi wake utakaa sentimita 30 kutoka kwenye mzigo mkubwa. Ngazi kwa ngazi, sanamu hupanda namna hiyo hadi kufikia uzi mmoja unaoishika yote.

Kwa sababu hiyo kazi hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Jani dogo la mwisho kabisa likibadilishwa baadaye, kila ufito ulio juu yake huinama, na hesabu zote zinarudiwa. Hata rangi ina uzito. Fundi makini hupaka rangi kwanza, akaacha ikauke kabisa, ndipo akapima na kutoboa tundu la uzi. Uzito wa ufito nao, uliowekwa kando katika mfano huu, hauwezi kupuuzwa katika kazi ya kweli, kwani ufito wa mita tatu unaweza kuwa mzito kuliko vyote unavyovibeba.

Kusawazika hakutoshi. Uzi ukishika ufito mahali penyewe pa kitovu cha uzito, ufito hukaa popote utakapoachwa, hata ukisimama wima, na mguso wowote huupindua. Uzi ukishika juu kidogo ya kitovu hicho, ufito hurudi taratibu kila unaposukumwa. Ndiyo maana fito nyingi za Calder zimepindwa kama upinde: mgongo uko juu, ncha ziko chini, na kitovu cha uzito kinashuka chini ya uzi. Kadiri umbali huo unavyokuwa mdogo, ndivyo mwendo unavyokuwa mpole na wa polepole. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, na hakuna chombo kinachoushinda mkono uliokwisha kusawazisha fito nyingi.

Jambo jingine linalosahaulika ni viungo. Waya unaosokotwa huhifadhi nguvu, na baada ya mizunguko kadhaa hukirudisha kipande kinyumenyume. Kwa sanamu ndogo hilo linaweza kuwa zuri, kwa sababu huzuia vipande kuzunguka ovyo. Kwa sanamu kubwa ni kasoro, na huondolewa kwa kuweka kiungo chenye beringi kila ngazi. Beringi yenyewe lazima iwe kimya. Onyesho likifika mahali muziki unapokatika ghafla, kama waongozaji wengi wanavyopenda, mlio wa chuma kikavu utasikika ukumbi mzima.

Jukwaani, mavazi na mashine vimekutana kwa muda mrefu. Mwezi Septemba 1998, mjini London, mbunifu Alexander McQueen alimaliza onyesho lake kwa kumsimamisha mwanamitindo Shalom Harlow juu ya sahani inayozunguka, huku roboti mbili za kiwandani zikimpulizia rangi gauni lake jeupe. McQueen aliliwaza tukio hilo baada ya kuiona kazi ya msanii Mjerumani Rebecca Horn, ambaye sanamu zake huendeshwa kwa mitambo. Miaka minane baadaye, mjini Paris, mbunifu Hussein Chalayan alionyesha magauni yaliyojibadilisha umbo yenyewe kwa mota ndogo na nyuzi zilizofichwa ndani yake. Hapo mashine ilikuwa imehamia mwilini.

Mwaka 2019 ulileta mifano miwili inayofaa kutazamwa kwa makini. Mwezi Julai, katika ukumbi wa Élysée Montmartre mjini Paris, mbunifu Mholanzi Iris van Herpen alionyesha mkusanyo wa mavazi 19 alioupa jina "Hypnosis". Wanamitindo walipita katikati ya "Omniverse", sanamu kubwa ya mviringo ya Mmarekani Anthony Howe, ambayo mabawa yake ya chuma huzunguka kana kwamba yanafunguka na kufumba bila mwisho. Howe hakuwa mgeni wa hadhara kubwa: sanamu yake ya takribani mita 12 ndiyo iliyozunguka nyuma ya mwenge wa Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Yeye husanifu kwa kompyuta, hukata chuma, kisha huunganisha vipande vyenye mizani na beringi laini kiasi kwamba upepo mdogo hutosha kuvizungusha. Nguvu ya onyesho lile ilikuwa kwenye makubaliano kati ya sanamu na nguo. Vazi la mwisho lilikuwa na kiunzi chake chenyewe cha alumini, chuma kisichoshika kutu na beringi, kilichopambwa kwa manyoya ya ndege, na mabawa yake yalizunguka kumzunguka mvaaji kwa mwendo uleule wa lango lililokuwa nyuma yake. Mtazamaji aliona wazo moja mara mbili, kwanza likiwa jengo, kisha likiwa vazi.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika Centquatre mjini Paris, mbunifu Satoshi Kondo alionyesha mkusanyo wake wa kwanza kwa jumba la mitindo la Issey Miyake. Wanamitindo watatu walisimama mahali pamoja, na kutoka darini nguo zikawashukia zikiwa zimetundikwa kwenye pete, pamoja na kofia zao, hadi zikawavika. Nguo zile zenyewe ndizo zilizokuwa sanamu zinazoning'inia, na mwendo wake ulikuwa mmoja tu, kushuka. Ni mfano unaostahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mvuto unahitaji mitambo mingi: kitambaa chepesi kilichokatwa vizuri hucheza chenyewe kikishushwa kwa kasi inayofaa.

Kazi ya namna hii huanza kwenye vipimo vya ukumbi. Urefu wa dari, mahali pa mihimili, mzigo ambao kila mhimili unaruhusiwa kubeba, milango ya kuingizia vifaa, upande wanakokaa wapiga picha: yote hayo hujulikana kabla mchoro wa kwanza haujachorwa, au mchoro huo utachorwa upya. Mwanamitindo mrefu mwenye viatu vya kisigino na kofia hufika mita mbili na zaidi. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya sanamu, katika mkao wake wa chini kabisa, huachwa takribani mita tatu kutoka sakafuni, isipokuwa pale ambapo kugusana na nguo ndiko kunakokusudiwa. Wapiga picha husimama kwa kawaida mwisho wa njia, lenzi zikiwa zimeelekezwa kwenye mstari mmoja. Kipande kitakachoshuka kati ya lenzi na vazi kitaharibu picha ambayo ndiyo sababu ya gharama zote.

Kisha hutengenezwa kielelezo kidogo, na hapa wengi huteleza. Kielelezo cha karatasi na waya kilicho sehemu moja ya kumi ya ukubwa halisi kinaweza kuzunguka kwa pumzi ya mtu, na mteja akafurahi. Kikikuzwa mara 10 kwa vifaa vilevile na unene unaokua vilevile, eneo lake huwa mara 100 lakini uzito wake mara 1,000. Hewa husukuma eneo. Kinachosukumwa ni uzito. Sanamu kubwa basi huwa nzito mara 10 kwa kila kipande cha eneo kinachopokea upepo, nayo hukaa tuli kama imepigwa msumari. Dawa yake ni kuacha kukuza unene. Vipande vikubwa hufanywa kuwa ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya fremu: hariri, karatasi, au plastiki nyepesi inayong'aa, kwenye fito za nyuzi za kaboni au mabomba membamba ya alumini.

Uchaguzi wa vifaa huongozwa pia na moto. Ukumbi uliojaa watu, taa kali na vitambaa si mahali pa kubahatisha. Nchini Ufaransa, ambako maonyesho mengi makubwa hufanyika, mapambo ya kumbi za umma hupimwa kwa madaraja ya uwezo wa kushika moto, na daraja la M1 ndilo linalodaiwa mara nyingi kwa vitu vinavyotundikwa. Hariri na karatasi huhitaji kutiwa dawa ya kuzuia moto, na dawa hiyo huongeza uzito na kukifanya kitambaa kiwe kigumu kidogo. Anayesawazisha sanamu kabla ya kutia dawa atasawazisha mara mbili.

Linabaki swali la nani atakayeisukuma. Kuna hewa, kuna mota, na kuna uzito wenyewe unaobembea.

Hewa ya ukumbi hubadilika kwa namna ambayo jaribio la asubuhi haliwezi kuonyesha. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 500 hutoa kilowati 50, sawa na majiko mengi ya umeme yaliyowashwa pamoja. Joto hilo hupanda, hewa ya kipoza hushuka, na sanamu iliyotulia wakati ukumbi ulikuwa mtupu huanza kuzunguka mara wageni wanapokaa. Wenye uzoefu hulitegemea jambo hili. Wengine huweka feni ndogo zilizofichwa juu ya taa, zikipuliza kwa vipindi, ili hewa isiwe ya kubahatisha kabisa.

Mota huleta uhakika. Inayotumika zaidi ni mota ya hatua, ambayo kwa kawaida hugawanya mzunguko mmoja katika hatua 200. Ikifungwa kwenye kigurudumu chenye mzingo wa sentimita 10, kila hatua huvuta au kulegeza uzi kwa nusu milimita, na kipande kinaweza kusimamishwa mahali popote hewani. Kundi la wasanifu la ART+COM la Berlin lilionyesha mwaka 2008, katika makumbusho ya BMW mjini Munich, uwezo wa njia hii: mipira 714 ya chuma, kila mmoja na uzi wake na mota yake, huelea kama vumbi na kisha kujipanga hadi kuwa umbo la gari. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilitundika matone 1,216 yaliyopakwa shaba katika uwanja wa ndege wa Changi, Singapore. Mitambo kama hiyo inapoletwa kwenye maonyesho ya mavazi, mara nyingi huunganishwa na meza ya taa kwa utaratibu wa DMX, ambao mstari wake mmoja hubeba njia 512 za amri. Kwa njia hiyo mtu mmoja anaweza kuendesha taa na mwendo kwa pamoja, mdundo kwa mdundo.

Gharama yake ni kubwa na hatari ya kuharibika huongezeka kwa kila mota. Msanii Mmarekani Reuben Margolin amefuata njia nyingine inayopendeza zaidi: magurudumu machache yanayozunguka huvuta mamia ya nyuzi kupitia kapi, na kapi hizo hujumlisha mivuto hiyo zenyewe, hata bapa zima la vipande vilivyotundikwa likapitiwa na mawimbi kama bahari. Hakuna kompyuta inayopanga kila kipande, jiometria inatosha. Kwa onyesho la dakika 15, njia hii mara nyingi ndiyo yenye busara, kwa kuwa uzi ukikatika mmoja, mamia mengine huendelea na kazi.

Uzito unaobembea ndio njia ya bei nafuu kuliko zote, na haithaminiwi inavyostahili. Muda ambao kitu kilichotundikwa hutumia kwenda na kurudi hutegemea urefu wa uzi tu, si uzito wake. Uzi wa mita moja hubembea kwa sekunde 2, wa mita nne kwa sekunde 4, wa mita tisa kwa sekunde 6. Muziki wa midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila nusu sekunde. Kipande kilicho kwenye uzi wa mita nne kitarudi kila baada ya midundo minane, bila waya wa umeme wala amri. Nyuzi zikipangwa kwa safu, kila moja fupi kidogo kuliko iliyotangulia, vipande vilivyoachiwa pamoja huanza kuachana polepole, vikafanya nyoka, kisha mistari miwili inayopishana, na baada ya muda uliopangwa hurudi pamoja tena. Upinzani wa hewa huupunguza mbembeo taratibu, na jambo hilo si tatizo kwa onyesho fupi.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kasi ndiyo inayoamua kama sanamu na nguo zitaishi pamoja. Jicho la mwanadamu huvutwa na kitu cha haraka kuliko vyote vilivyo mbele yake. Mwanamitindo anatembea, pindo la gauni linaruka, kitambaa kinatetemeka. Sanamu iliyo juu inapaswa kuwa ya polepole kuliko vyote hivyo, ama la sivyo vazi la miezi mitatu ya kushona litapita bila kuonekana. Wabunifu wanaofanya vizuri hupunguza kasi hadi mtazamaji asiweze kusema ni lini umbo lilibadilika, ila ajue tu kwamba limebadilika. Mwendo wa ghafla huhifadhiwa kwa mara moja, kwa kawaida vazi la mwisho linapotoka.

Taa huizidisha kazi au huiua. Kipande chembamba kikimulikwa kutoka mbele huonekana bapa. Kikimulikwa kutoka pembeni, kila ukingo wake huwaka kinapogeuka. Kivuli pia ni sehemu ya sanamu. Kikitua sakafuni au ukutani kikatembea, ukumbi huongezeka kina bila gramu hata moja kuongezwa darini. Kikitua usoni mwa mwanamitindo, kinamfuta. Mafundi wa taa na wa sanamu hukaa pamoja wakitazama njia nzima hatua kwa hatua, na mara nyingi suluhisho ni kusogeza taa nusu mita badala ya kuigusa sanamu.

Kutundika ni kazi ya mafundi wenye ujuzi wake maalumu, na neno lao huwa la mwisho hata mbele ya mbunifu mwenye jina kubwa. Kwenye dari hupandishwa kwanza kenchi za alumini kwa winchi za mnyororo, na sanamu hufungwa kwenye kenchi hizo, kamwe si kwenye mabomba ya hewa au ya maji. Kila kifaa kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu huchaguliwa kiwe na nguvu mara nyingi kuliko mzigo wake. Mara 10 ni kipimo kinachokubalika na wengi. Waya wa chuma wa kusokotwa wenye unene wa milimita 2 huvumilia zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika, lakini kwa kipimo hicho hautabebeshwa zaidi ya kilo 20. Ncha zake hubanwa kwa vibano vya shaba au alumini kwa koleo maalumu. Mshipi wa nailoni hupendwa kwa sababu hauonekani, nao hufaa kwa vipande vya gramu chache tu, maana fundo peke yake linaweza kuupunguzia karibu nusu ya nguvu, jambo ambalo mvuvi yeyote analijua.

Pembe ya nyaya huwadanganya hata watu wazoefu. Nyaya mbili zinazoshuka wima hugawana mzigo nusu kwa nusu. Zikitanuliwa hadi kila moja iwe nyuzi 60 kutoka kwenye wima, kila moja hubeba uzito sawa na mzigo wote. Zikizidi kulala, nguvu huongezeka haraka sana, na kinachong'oka kwa kawaida ni ndoano ya darini. Mwendo nao huongeza mzigo: winchi inayosimama ghafla huuvuta waya kwa nguvu kubwa kuliko uzito uliopimwa, na kwa hiyo kila mwendo wa mota huanza na kuisha kwa ulaini, si kwa mkato. Mwisho, kila kipande kizito hufungwa waya wa pili uliolegea kidogo, usio na kazi yoyote isipokuwa kukidaka kipande iwapo waya wa kwanza utakatika.

Siku ya onyesho ratiba ni kali. Sanamu hupandishwa kwanza, kabla ya viti na zulia, na hakuna anayeruhusiwa kupita chini wakati inapanda. Kusawazisha huanza ikiwa kwenye kimo cha kiuno, fundi akiongeza vipande vidogo vya risasi au kusogeza pete ya waya kwa milimita chache. Ikishafika juu, kila marekebisho yanahitaji ngazi au jukwaa la kuinulia, na muda huisha haraka. Zoezi la mwisho hufanywa na wanamitindo wakiwa na viatu vyao halisi na muziki kamili, kwa kuwa mwendo wa mtu mwenye gauni pana husukuma hewa tofauti na wa mtu aliyevaa suruali. Mtu mmoja huwekwa kandokando akiwa na kitufe cha kusimamisha mota zote, na macho yake hayaondoki kwenye sanamu hadi mgeni wa mwisho atoke.

Kushusha huenda kinyume cha kupandisha, ngazi ya chini ikitolewa kwanza. Kila ufito hupewa namba na alama ya mahali pa uzi, hupigwa picha, kisha hulazwa kwenye sanduku lenye vitanda vya sponji, fito zilizopindwa zikielekezwa upande mmoja ili zisibanane. Sehemu kubwa ya sanamu za maonyesho huishia dirishani mwa duka la mbunifu, kwenye ghala, au makumbusho; mavazi na ulimwengu wa Iris van Herpen, kwa mfano, vilipewa maonyesho makubwa katika Musée des Arts Décoratifs mjini Paris kuanzia Novemba 2023. Sanamu ikitundikwa tena mahali pengine, nyaya za zamani hazitumiki: hukatwa na kutupwa, mpya hupimwa kwa urefu wa dari mpya, na kusawazisha huanza upya kutoka kwenye jani la chini kabisa.